Asilimia 30 ya kipato: jinsi Marekani ilivyozipima kanuni mpya za pango

Mama mwenye watoto wawili anaishi Kentucky kwa vocha ya nyumba ya serikali, na kipato chake ni dola 12,000 kwa mwaka. Alipe pango kiasi gani? Kwa kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi, karani wa mamlaka ya nyumba alianza kwa kuondoa dola 480 kwa kila mtoto, zikabaki dola 11,040. Asilimia 30 ya hizo, ikigawanywa kwa miezi 12, ni dola 276 kwa mwezi. Pango halisi likizidi hapo, serikali inamlipa mwenye nyumba tofauti, ndani ya kikomo kilichowekwa.

Asilimia hiyo imetokana na mapambano. Sheria ya Nyumba ya 1937 ilipoanzisha nyumba za umma, mamlaka za miji zilitegemea pango la wapangaji kugharimia uendeshaji. Kufikia miaka ya 1960 majengo yalikuwa yamechakaa, gharama zimepaa, na pango likawa linapandishwa kufuata gharama bila kujali mpangaji ana nini mfukoni. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma St. Louis, wakiwemo wa Pruitt-Igoe na majengo yake 33 ya ghorofa 11, waligoma kulipa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha pendekezo la Seneta Edward Brooke wa Massachusetts kwamba pango lisizidi asilimia 25 ya kipato cha kaya. Mwaka 1981, chini ya utawala wa Reagan, kiwango kikapandishwa hadi 30, na hapo ndipo kilipo mpaka leo. Nataka msomaji alishike hili kabla hatujaingia kwenye vipimo: kila anayependekeza kuigusa asilimia hiyo anaigusa ngao ambayo watu maskini waliipigania.

Hata hivyo ngao hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kihesabu. Mama wetu akiongezewa saa za kazi, mshahara ukapanda kwa dola 400 kwa mwezi, dola 120 kati ya hizo zinamezwa na pango. Makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee yanachukua asilimia 7.65 ya mshahara wake, na msaada wa chakula nao unapungua kadiri kipato kinavyoongezeka. Anajikuta amefanya kazi zaidi na kuleta nyumbani sehemu tu ya jasho lake. Tena kila mwaka hana budi kupeleka stakabadhi za mshahara, barua za mwajiri na risiti za malezi ya watoto ili kipato chake kikaguliwe upya, na kipato kikibadilika katikati ya mwaka huenda akaitwa tena.

Je, hesabu hiyo kweli huwafanya watu wapunguze kazi? Ushahidi ulionukuliwa sana ulitoka Chicago. Mwaka 1997 watu zaidi ya 82,000 waliomba vocha, na nafasi katika foleni zikagawanywa kwa kura. Watafiti Brian Jacob na Jens Ludwig waliwalinganisha waliopata na waliokosa, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo: kupata vocha kulipunguza kiwango cha ajira kwa takriban asilimia 6, na mapato ya robo mwaka kwa dola 329, yaani asilimia 10 hivi. Watetezi wa mageuzi ya kanuni za pango waliyadaka matokeo hayo. Lakini utafiti huo ulipima athari ya kuwa na vocha dhidi ya kutokuwa nayo kabisa. Mtu aliyepunguziwa mzigo wa pango anaweza kupunguza saa za kazi kwa sababu tu sasa anaweza kumudu kukaa na mtoto wake. Ukitaka kujua asilimia 30 yenyewe inafanya nini, huna budi kubadilisha kanuni kwa watu ambao wote wana vocha.

Hicho ndicho kilichofanyika kuanzia 2015. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, ililipa shirika la utafiti la MDRC kuendesha jaribio katika mamlaka nne: Lexington na Louisville katika jimbo la Kentucky, San Antonio kule Texas, na Washington, D.C. Wasomaji wenye ndugu Kentucky wanaijua miji hiyo miwili ya kwanza, kwani Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili wamepata makazi huko kama wakimbizi. Mamlaka zote nne zilikuwa tayari katika mpango wa Moving to Work, ulioanzishwa 1996, unaoruhusu mamlaka teule kujitungia baadhi ya kanuni. Kwa takriban miaka 20 mamlaka za mpango huo zilikuwa zimebadilisha pango kwa namna nyingi, lakini zilizokubali kupimwa kwa ukali zilikuwa chache mno. Kwa kawaida mamlaka ilitangaza kanuni mpya, miaka miwili baadaye mapato ya wapangaji yakawa yamepanda, ikajisifu. Hakuna aliyeuliza kama mapato ya maskini wa mji mzima yalikuwa yakipanda wakati uleule kwa sababu uchumi umechangamka.

Safari hii kaya zaidi ya 6,600 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu ziliendelea na kanuni za zamani, nusu zikaingia kanuni mpya. Wazee na watu wenye ulemavu hawakuhusishwa, kwa kuwa lengo lilikuwa kupima athari kwa watu wanaotarajiwa kufanya kazi. Nguvu ya kura iko hapa: makundi yote mawili yanakutana na soko lilelile la ajira, nauli zilezile na mwenye nyumba mkali yuleyule, kwa hiyo tofauti itakayojitokeza baadaye ina asili moja tu inayoeleweka, nayo ni kanuni. Kwa maoni yangu huu ulikuwa pia uamuzi wa haki. Serikali isiyojua kama sera yake inasaidia au inaumiza haina sababu ya kuwabebesha wapangaji wote kwa mkupuo.

Kanuni mpya ilikuwa na vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja. Ukaguzi wa kipato ulifanywa mara moja kila miaka 3, na kipato kikipanda katikati pango halipandi. Kwa mama wetu, nyongeza ile ya dola 400 kwa mwezi ikidumu miezi 36 ni dola 14,400. Kanuni ya zamani ingechukua dola 4,320 kati ya hizo, mpya haichukui hata senti mpaka ukaguzi ufike. Mapunguzo yote, kama lile la kila mtoto, yalifutwa, na ili kufidia hilo kiwango kikashushwa hadi asilimia 28 ya kipato ghafi. Kipato chenyewe kilipimwa kwa kuangalia miezi 12 iliyopita. Na kila kaya, hata isiyo na kipato, ilitakiwa kumlipa mwenye nyumba pango la chini kabisa: dola 50 Louisville, 75 Washington, 100 San Antonio na 150 Lexington.

Hapa inafaa tupige hesabu ileile upya, kwa sababu ndimo uzito wa sera ulimo. Asilimia 28 ya dola 12,000 ni dola 3,360 kwa mwaka, au dola 280 kwa mwezi. Zamani alilipa 276. Tofauti ni dola 4, na mtunga sera ana haki ya kusema kwamba hajamuumiza mtu. Lakini tuseme mama huyo hulipia malezi ya watoto dola 2,000 kwa mwaka ili aweze kwenda kazini. Kanuni ya zamani ilikuwa inaziondoa: kipato kinachohesabiwa kingekuwa dola 9,040 na pango dola 226. Kanuni mpya haizioni. Analipa dola 54 zaidi kila mwezi, na ni yeye hasa, mama anayefanya kazi, ambaye mageuzi yalidai kumtia moyo. Wabunifu wa jaribio waliliona tatizo la namna hii, ndiyo maana waliweka njia za unafuu. Kipato cha sasa kikiwa chini ya cha mwaka uliopita kwa zaidi ya asilimia 10, kaya hupewa pango la muda. Kipato kikishuka katikati, inaweza kuomba ukaguzi mpya mara moja kwa mwaka. Mzigo wa pango ukizidi asilimia 40 ya kipato, inaruhusiwa kuomba huruma. Tatizo la unafuu wa kuombwa ni kwamba aliyezama zaidi mara nyingi ndiye asiyejua kwamba upo, au asiye na nguvu ya kufuatilia makaratasi mengine.

Upimaji nao ulihitaji maamuzi yanayostahili kutajwa. Mapato yalisomwa kutoka kumbukumbu za serikali, ambamo waajiri huripoti mishahara kila robo mwaka. Faida yake ni kwamba hazitegemei mpangaji kukumbuka wala kuficha. Hasara yake ni kwamba anayesuka nywele nyumbani au kusafisha nyumba za watu kwa malipo ya mkononi haonekani humo. Kwa hiyo watafiti waliongeza kumbukumbu za mamlaka, dodoso na mahojiano. Uamuzi mwingine ulihusu Louisville, ambako kaya ziliruhusiwa kuikataa kanuni mpya baada ya kupangiwa, na baadhi zilifanya hivyo. Uchambuzi uliendelea kuzihesabu katika kundi zilikopangwa na kura. Huo ndio utaratibu sahihi, maana ukiwaondoa waliokataa unabaki na waliojiona watafaidika, na ulinganisho umeharibika. Bei yake ni kwamba athari yoyote ya Louisville inaonekana dhaifu kuliko ilivyo kwa waliobaki. Washington nako mamlaka ilikuwa tayari inakagua kipato kila miaka 2, hivyo kundi la kanuni za zamani na la kanuni mpya hayakutofautiana sana. Anayesoma jedwali la miji minne bila kujua hayo atalisoma vibaya.

Matokeo? Katika miaka ya mwanzo dalili za mapato kuongezeka zilionekana Lexington na San Antonio, si Louisville wala Washington. Miji yote ikijumlishwa, na miaka ikiendelea, kanuni mpya haikuinua mapato ya wastani kwa kiasi cha kujivunia. Janga la Uviko-19 liliingia katikati ya kipindi cha ufuatiliaji na kuvuruga ajira kwa makundi yote mawili. Kilichojitokeza wazi ni kupungua kwa kazi ya ofisini: baada ya ukaguzi wa kwanza, ambao uliwatesa makarani kwa kuwadai rekodi za miezi 12, kaya za kanuni mpya ziliitwa mara chache zaidi. Na fedha ambazo zingeenda kwenye pango zilibaki mikononi mwa wapangaji waliokuwa wanaongeza kipato kwa hali yoyote ile.

Waliotarajia mapinduzi ya ajira walisikitika. Mimi naona jaribio limefanya kazi yake. Limeonyesha kwamba asilimia 30, pamoja na ubaya wake wote kwenye karatasi, si ukuta mkuu unaomzuia mpangaji. Linganisha na Jobs-Plus, jaribio la 1998 hadi 2003 ambamo majengo mazima ya nyumba za umma yalichaguliwa kwa kura. Humo pango lililegezwa, lakini pia palikuwa na ofisi ya ajira palepale mtaani na wapangaji waliofundishwa kupashana habari za kazi. Katika miji mitatu iliyoutekeleza mpango kikamilifu, Dayton, Los Angeles na St. Paul, mapato ya wakazi yalipanda kwa asilimia 14 juu ya kundi la ulinganisho. Makundi ya watu na nyakati ni tofauti, kwa hiyo ulinganisho huu si wa moja kwa moja. Hata hivyo unaniambia kwamba motisha ya pango hupata meno mtu anapoielewa na anapokuwa na kazi ya kuikimbilia.

Lawama yangu kubwa kwa jaribio la miji minne ni kufunga vipande vyote pamoja. Ukaguzi wa miaka 3 humpa mpangaji nafasi ya kupumua. Pango la chini kabisa humbana asiye na kitu. Kufuta punguzo humgonga mwenye gharama za malezi. Vyote vikiwa kifurushi kimoja, wastani unaweza kusimama karibu na sifuri wakati kaya moja inapata na nyingine inaumia, na kura uliyoipiga haikuambii kipande gani kimefanya nini. Kundi la tatu, lililopewa ukaguzi wa miaka 3 tu na kuachiwa mengine yote kama zamani, lingehitaji kaya zaidi na fedha zaidi, lakini lingejibu swali ambalo mamlaka za nyumba zinauliza hasa.

Swali hilo bado ni la moto. Kwa sheria ya matumizi ya mwaka wa fedha 2016, Bunge liliruhusu mamlaka nyingine 100 ziingie Moving to Work, na baadhi zimepewa jukumu la kujaribu pango la ngazi, linalolipwa kulingana na kundi la kipato, na pango la kupanda, ambalo huongezeka kidogo kila mwaka bila kujali kipato cha kaya. Hili la pili ndilo linalonipa wasiwasi, kwa sababu linakata kabisa uzi uliofungwa na Brooke 1969. Kipimo chake cha kwanza kisiwe mapato ya wastani. Kiwe ni kaya ngapi zisizo na mshahara zimefika mwezi wa 10 zikiwa na malimbikizo ya pango, ngapi zimefikishwa mahakamani na wenye nyumba, na ngapi kati ya hizo ziliwahi kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa, kwamba zingeweza kuomba unafuu.