Mahindi Yalikuja Peke Yake

Chakula cha Kimeksiko huuzwa ughaibuni kama chakula cha ajabu. Katika mgahawa mmoja wa Pilsen, Chicago, wa meza za plastiki na namba ya kusubiria, wanachuo wenzangu walinitahadharisha nisije nikashtuka. Mimi nimezaliwa Kibondo na nimesomea Kasulu. Sahani ilipofika niliona mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi. Sasa hapo nishtuke nini? Vyote hivyo asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini. Sisi wa vilima vya Buha tumevizoea kiasi cha kudhani vimeota kwetu tangu kuumbwa kwa dunia.

Kitu kipya kilikuwa tortilla, ile chapati ndogo ya mahindi inayobeba taco. Wanaioka mbele yako kwenye bamba la chuma, bila mafuta. Ni laini, haikatiki ukiikunja, na ina harufu ambayo ugali wetu hauna. Harufu hiyo inatokana na chokaa. Punje nzima huchemshwa katika maji ya chokaa, hulala humo usiku kucha, huoshwa maganda yakatoka, kisha husagwa zikiwa na majimaji. Kiini hakitupwi.

Chokaa hiyo ina kazi kubwa kuliko ladha. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, lakini imefungwa namna ambayo mwili hauipati vizuri. Chokaa huifungua. Anayeishi kwa mahindi karibu matupu, yasiyopitia chokaa, anaweza kupata pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huvurugika. Mahindi yalipovuka bahari baada ya 1492, elimu hii haikupanda meli. Pelagra ikawatesa wakulima wa Italia ya kaskazini, baadaye maskini wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1990 iliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kukosekana kwenye mgawo wao.

Habari hiyo inanigusa kwa sababu nimekulia jirani na mgawo. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 kuwapokea Warundi. Unga wa mahindi, jamii ya maharage, mafuta, chumvi: hiyo ndiyo sahani ya mkimbizi. Mgawo ukipunguzwa watu huhesabu kilo za unga, lakini ukubwa wa kijiko cha maharage nao ni suala la afya. Nasi tulio nje ya kambi tunakoboa mahindi hadi yawe meupe pe, tunaita sembe, na dona tunawaachia wanafunzi wa bweni.

Tusijidharau, hata hivyo. Bibi yangu hutia magadi kwenye makande ili punje zilainike haraka. Magadi na chokaa ni ndugu kikemia. Anayejua kuloweka muhogo mchungu hadi sumu itoke hana haja ya kufundishwa kwamba chakula kinahitaji akili kabla ya moto.

Turudi kwenye sahani, maana mgahawa ule una kasoro zake. Maharage yamepondwa na kukaangwa hadi hujui ulikuwa unakula punje, halafu yakazikwa chini ya jibini. Aliyekula maharage mapya ya Kasulu, yenye mchuzi wake mzito, atasikitika. Burito ni mzigo: wali, nyama, maharage na krimu ndani ya chapati ya ngano, zao walilokuja nalo Wahispania. Inashibisha, lakini kila ladha inameza nyingine. Salsa ndiyo inayookoa meza. Ni kachumbari iliyosagwa, yenye ndimu, giligilani na pilipili isiyoomba radhi.

Ukifika Pilsen, agiza taco tatu za mahindi, salsa ya kutosha, krimu ukatae. Na ule kwa mkono, kama kwenu.