Heko Mafundi wa Usukani wa Arusha

Watalii wanaorudi kutoka Serengeti humsifu dereva, na wana haki. Lakini sifa wanastahili pia mafundi wa gereji za Arusha, wanaopokea Land Cruiser na Land Rover zilizochoshwa na mashimo na mawe, usukani umekaa upande huku gari likienda moja kwa moja.

Fundi wa kweli hakimbilii kuchomoa usukani na kuupachika upya. Anajua kwamba stelingi boksi ina katikati yake, na ikiachwa nje ya hapo gari hukata kona vizuri upande mmoja na kubana upande wa pili. Kwa hiyo huingia uvunguni. Hukagua kwanza kama tairodi na bushi zimelegea. Huuliza kama springi ziliongezwa urefu, maana gari likiinuliwa, ekseli ya mbele inaweza kusogea pembeni. Kisha hulegeza vibano vya draglinki, fimbo inayopeleka nguvu ya stelingi boksi kwenye gurudumu, akaizungusha kidogo kidogo hadi usukani unyooke. Akishakaza, hulijaribu gari barabarani kabla ya kulikabidhi.

Abiria haioni kazi hiyo, lakini ndiyo inayomwezesha dereva kuteremka Ngorongoro mikono ikiwa imetulia. Enyi wenye magari, mlipeni fundi wa namna hii haki yake bila kuvutana, na wapelekeni vijana wenu wakajifunze kwake.