Kiko cha Bwana Msa Penye Mzimu

Sisi tukaao Dindira, ambako ukungu hushuka jioni hata mti wa karibu usionekane, hatuhitaji kufundishwa hofu ya mahali pa kale. Kwa hiyo tulipokifungua Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tulitazamia mizuka. Hadithi hii ilishinda mashindano ya 1957 na 1958, ikapigwa chapa 1960.

Bwana Ali akutwa ameuawa penye mzimu, na jina la mahali latosha kuwatia watu hofu. Ndipo ajapo Bwana Msa na kiko chake. Yeye haulizi mizimu, huuliza watu. Mskoti Arthur Conan Doyle alipita njia hiyo mwaka 1902: mbwa wa Baskerville aliyedhaniwa jini alikuwa mbwa hasa, aliyepakwa dawa ing'aayo gizani.

Twakisifu kitabu kwa kuonyesha kwamba hofu ya wengi ni pazia la mwuaji mmoja. Si mchezo huo. Huko Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kisa macho mekundu, na moshi wa jikoni ndio uliowafanya hivyo.

Lakini twanung'unika kidogo. Bwana Msa akiisha kuingia, maneno huwa mengi, na mahali palipotutia baridi pageuka uwanja mtupu.

Jina la mwuaji hatuliandiki. Tulipolifikia, taa ilikuwa karibu kwisha mafuta, nasi tukarudi nyuma kurasa nyingi kutafuta tulipodanganywa.