Taa ya kijani ya Marauder

Kosa kubwa la Doom Eternal lina ngao na shoka, na linakusubiri mwisho wa hatua ya ARC Complex. Nimelisema tangu Machi 2020 gemu ilipotoka, na kila nikiirudia naona nilikuwa mpole. Adui huyo, Marauder, hakustahili kuwemo humo, si kwa namna ile alivyoundwa.

Turudi uwanjani. Hadi unafika pale umeshapita saa kadhaa ukifundishwa kitu kimoja: miguu. Unaruka mara mbili, unachomoka hewani, unamrushia pepo Mancubus kulabu ya bunduki ya Super Shotgun na kujivuta mpaka usoni pake, unampasua, unatua nyuma ya mwingine. Ukisimama umekufa. Hilo watengenezaji wake, id Software, wamekuingiza mwilini hadi unalifanya bila kuwaza. Kisha Marauder anajitokeza, na kitu cha kwanza kinachotokea ni gemu kukatika ili ikuonyeshe kibao cha maelezo: kaa umbali wa kati, subiri macho yake yawake kijani, hapo ndipo upige.

Kisome tena kibao hicho. Kaa. Subiri.

Ukimsogelea sana anakufyatulia bunduki yake kifuani. Ukirudi nyuma sana anakurushia mawimbi ya shoka lake. Ukipiga ngao, risasi imepotea na juu yake anakuachilia mbwa mwitu wake wa kizuka. Baadaye utamrudia na BFG, silaha ambayo tangu 1993 ilikuwa na maana moja tu, kwamba mjadala umekwisha. Ataizuia kwa ngao. Utamjia na Crucible, upanga unaomkata pepo mkubwa vipande kwa pigo moja, nao ataukinga. Kinachobaki ni kitambo kile kifupi cha kijani anapoinua shoka, kwa umbali alioupanga yeye, kwa wakati alioupanga yeye. Ukipatia anayumba, unamtandika, anainua ngao, mnaanza upya. Katika gemu ya kufyatua risasi, huyu anakuadhibu kwa kufyatua risasi. Sijui waliokaa mezani walipitishaje hilo.

Najua jibu la watetezi wake, nimelisikia miaka yote hii: hujamjua bado, jifunze. Nimemjua. Ballista, Super Shotgun, Ballista, kubadilisha haraka kabla hajainuka, na vitambo viwili au vitatu vya kijani vinatosha. Naweza kumuua bila kuguswa. Hilo ndilo linalonikera hasa, kwa sababu ukishalijua jibu hilo, halina ndugu. Mchezaji wa wiki ya kwanza na bingwa wa mbio za dakika chache wanamuua kwa njia ileile. Tofauti yao ni wepesi wa vidole. Hakuna anayemuua Marauder kwa namna ambayo rafiki yake angeketi kuitazama na kuuliza, umefanyaje? Wengine husema umwache kwanza, umalize wadogo. Huachwi. Anakufuata kwa kasi kote uwanjani, na mara nyingi kosa la kuuawa naye huanza pale unapokuwa umegeukia Cacodemon huku yeye akiwaka kijani mgongoni pako.

Sasa mlinganishe na Arch-vile wa Doom II, mwaka 1994. Huyo naye ni katili. Anafufua maiti ulizoziacha nyuma. Anakuwasha moto usioweza kuukwepa kwa kuruka pembeni: kama bado anakuona moto unapokamilika, unarushwa hewani na sehemu kubwa ya uhai wako inakwenda nao. Naye pia ana jibu. Lakini jibu lake liko kwenye ramani. Ni nguzo, ni kona, ni mlango uliouacha wazi. Miali inapoanza kukuzunguka unapata muda wa kuamua: unakimbilia nguzo ile iliyo karibu, au unamkimbilia yeye mwenyewe na kumwaga plazima yote kabla hajamaliza? Na zile maiti tano pale kulia, je, unazo risasi za kuwaua tena? Unaweza kukosea kwa njia kumi na kupatia kwa njia sita. Unapomsikia kabla hujamwona, mwili mzima unaanza kuhesabu nguzo. Hakuna kibao. Hakuna taa.

Nyuma ya hayo yote kuna kasi, na kasi ya gemu hizi huwa naona inaeleweka vibaya. Watu wanapima kasi kwa wingi wa milipuko. Wachukue Doom ya kwanza, Desemba 1993, ile ya John Carmack, Romero na wenzao. Injini inahesabu tiki 35 kwa sekunde. Mpira wa moto wa Imp unakwenda vipimo 10 kwa tiki. Wewe ukikimbia unafika takriban 17. Yaani unaupita moto wenyewe. Pambano zima la Doom limejengwa juu ya tofauti hiyo: makombora ni vitu vilivyoko hewani, vina mahali na mwendo, na wewe unapita katikati yake kama mtu anayekatiza soko lililojaa bila kumgusa mtu. Quake ya 1996 ikaongeza miguu juu ya miguu. Hitilafu ndogo ya hesabu ya mwendo hewani ikazaa kuruka kwa mshazari kunakoongeza kasi kila unapotua, na roketi iliyokusudiwa kuua ikawa ngazi ya kukupandisha ghorofani. Hayo wachezaji waliyavumbua wenyewe. Mchezaji Thresh alipoondoka na Ferrari ya Carmack katika mashindano ya Quake mwaka 1997, aliishinda kwa kujua mahali pa kuwa kabla mwenzake hajafika.

Ndiyo maana nilizichukia zile bunduki mbili tu za Halo zilizokuja kuigwa na kila mtu, hadi Duke Nukem Forever ya 2011 ikampokonya Duke mwenyewe silaha zake. Ndiyo maana sijaisamehe damu inayojirudisha yenyewe ukijibanza nyuma ya ukuta. Zote zinakuambia usimame. Doom ya 2016 ilikuja kutuondolea mzigo huo, na nilishangilia.

Eternal katika mambo mengine ni kazi safi: msumeno unaokupa risasi, moto wa begani unaokupa deraya, kuua kwa mikono kunakokupa uhai, na muziki wa Mick Gordon unaosukuma vyote hivyo mbele.

Lakini Marauder hakuishia kuwa Marauder. Katika nyongeza ya The Ancient Gods wakatuletea roho isiyokufa ila kwa mionzi ya Microwave Beam, tena kwa kuishikilia huku umepunguzwa mwendo. Machi 2021 wakamfanya bosi wa mwisho, Dark Lord, kuwa Marauder mkubwa zaidi: kijani, piga, subiri, na akikugusa anajiponya. Mei 2025 ikaja Doom iliyofuata, The Dark Ages, na kijani kikawa sarufi ya gemu nzima. Makombora ya kijani ndiyo ya kurudisha kwa ngao. Kuruka mara mbili kumeondolewa, kuchomoka kumeondolewa. Kwenye mipangilio unaweza hata kujirefushia kitambo cha kukinga. Watengenezaji walisema wazi kwamba safari hii Slayer, shujaa unayemchezesha, anasimama na kupigana. Kauli yao imenyooka, na mbegu yake ninaijua ilipandwa wapi.

Anayetaka kuona jambo lilelile likifanywa sawasawa aifungue Ultrakill ya Hakita, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020 ikiwa bado haijakamilika. Humo nako unaweza kulipiga ngumi kombora la adui na kulirudisha lilikotoka, na ni raha isiyo na mfano. Ila hulazimishwi. Unaweza kuteleza chini yake, kurukia ukutani, kulikimbia, au kumfikia aliyelirusha kwanza, kwa sababu damu yake ikikumwagikia ndiyo inayokuponya. V2, yule hasimu anayekuja na silaha kama zako, anakutaka umkimbize chumba kizima. Ukimpatia kwa ngumi umepata ziada tu.

Wiki iliyopita niliirudia ARC Complex. Nilifika pale kwenye uwanja wa mwisho nikiwa na uhai kamili, nimepita chumba kizima bila mguu kugusa chini zaidi ya mara tatu. Marauder akatokea. Nikarudi hatua mbili, nikasogea moja mbele, nikashusha mkono, nikamtazama macho.