Kuirudisha GRUB bila kufuta diski

Laptopu iliyofika mezani kwa fundi mmoja wa Nguvumali ilikuwa na Windows na Ubuntu, mpaka ilipopigwa Windows upya. Tangu hapo ikiwashwa inaingia Windows moja kwa moja, ile menyu ya kuchagua haionekani. Mwenyewe, mwanachuo, alishaambiwa kwingine kwamba Ubuntu imefutika na dawa ni kufomati diski nzima. Ushauri huu unaniudhi, kwa sababu hutolewa bila mtu kuangalia.

Fundi aliangalia kwanza. Alichomeka flashi ya Ubuntu, akaingia bila kusakinisha, akaandika lsblk -f. Partisheni ya ext4 ilikuwa palepale, na tasnifu ya kijana ndani yake.

Kilichofuata ndicho kinachowakwamisha wengi: mashine inaanza kwa BIOS ya zamani au kwa UEFI? Kwenye BIOS, kianzishi hukaa sekta ya kwanza ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512. 446 ni za kianzishi, 64 za jedwali la partisheni, 2 za alama ya mwisho. Windows ikisakinishwa huandika juu ya zile 446, na GRUB, kianzishi cha Ubuntu, inakuwa imeondoka. Kwenye UEFI kila mfumo una folda yake katika partisheni ndogo ya FAT32 (ya EFI), na mazabodi hutunza orodha ya nani aanze. Kompyuta za mtumba zinakuja za aina zote mbili, hivyo kukisia hakufai. Folda ya /sys/firmware/efi ikiwepo, flashi imeingia kwa UEFI. Na ni lazima iingie kwa njia ileile inayotumiwa na mfumo ulio diskini.

Hii ilikuwa UEFI. Amri ya efibootmgr ilionyesha Windows imo orodhani, ubuntu haimo, ingawa faili ya shimx64.efi ilikuwa bado kwenye folda yake. Angeweza kuiandikisha upya kwa amri moja tu. Yeye alipita njia ndefu: akapachika partisheni ya Ubuntu kwenye /mnt, ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, akaunganisha /dev, /proc na /sys pamoja na efivars, akaingia kwa chroot, kisha grub-install na update-grub. Naona alifanya vyema. Grub-install huandika faili upya na kurudisha jina orodhani kwa pamoja, kwa hiyo hata kama faili mojawapo ilikuwa imeharibika, inatengemaa hapohapo.

Menyu ikarudi, Windows haimo! Hapa wengi huingiwa na hofu bure. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa. Aliongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub, akarudia update-grub, yakatokea majina yote mawili.

Si kila Linux inayogoma ni ya tiba hii: tatizo la Agosti 2024 lilikuwa tofauti. Sasisho la Windows liliwafungia Linux watu duniani kote, kwa ujumbe wa SBAT kwenye kioo. Hapo kusakinisha GRUB ileile hakusaidii: unazima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua vianzishi, unaingia Ubuntu, unaandika mokutil --set-sbat-policy delete, unawasha upya na kuingia tena Ubuntu, ndipo unairudisha Secure Boot. Lakini kabla ya kuizima, muulize mwenye mashine kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, inafanya kazi, na namba yake ya kurejesha ya tarakimu 48 iwe mkononi.