Heko, mafundi wa meli za Nyasa

Tukuyu ilipoitwa Neu Langenburg, Wajerumani walikuwa na meli moja ya vita Ziwa Nyasa: Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipandevipande na kuunganishwa upya Afrika. Agosti 1914 ilikuwa nchi kavu ikitengenezwa Sphinxhaven, yaani Liuli, pale Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Guendolen alipoifyatulia mzinga. Nahodha wa Wissmann, Berndt, rafiki wa Rhoades wa kinywaji, hakuwa na habari za vita. Akaja kwa mtumbwi akifoka. Wasimuliaji huishia hapo wakicheka. Heko zangu ni za waliogongomea riveti juani, waliokata kuni za tanuri, na waliochochea moto usiku kucha. Makamanda walipewa sifa. Wao walipewa kuni zaidi.