Difu ya Range Rover haifai kila Land Rover

Mwenye Land Rover ya Series II, IIA au III akilalamika kwamba injini inalia mno kwenye lami, ushauri anaopewa mara nyingi ni uleule: toa difu, weka ya Range Rover. Ushauri huo una mantiki yake. Series II ilianza 1958 na Series III ikakoma 1985, na miaka yote hiyo gari lilipangiwa shamba, matope na mzigo. Leo kutoka Mwanza kwenda Shinyanga ni lami, kupitia Magu na Bunda hadi Sirari ni lami, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haikatizwi tena na foleni ya kivuko. Hata hivyo, kwa gari ambalo bado lina injini yake ya lita 2.25, kubadili difu peke yake ni kuondoa kelele kwa gharama ya nguvu, na ushahidi umo ndani ya namba za gari lenyewe.

Kwanza lazima ijulikane kilichomo sasa. Namba ya chasisi hutaja aina ya gari, haitaji difu iliyomo leo. Difu ya aina ya Rover, ile inayochomolewa nzima kutoka kwenye ekseli, huingiliana kati ya Land Rover za Series na Range Rover zilizoanza kuuzwa 1970, kwa hiyo gari la miaka hamsini huenda limekwisha kurithi difu ya gari lililochinjwa kuwa spea, tena zaidi ya mara moja. Kuhesabu meno ndiko kusiko na ubishi: pinioni ya meno 10 kwa krauni ya meno 47 ni uwiano wa 4.7, ambao ndio wa asili kwenye Series. Pinioni ya 13 kwa krauni ya 46 ni 3.54, ambao ndio wa Range Rover. Tatizo ni kwamba meno hayahesabiki mpaka difu ishuke. Kipimo cha pili kinahitaji jeki na chaki tu. Gurudumu moja la nyuma linanyanyuliwa, la pili linabaki chini, giaboksi na transfa zinawekwa huru, na magurudumu yaliyo chini yanazuiwa kwa mawe ya uhakika, ambayo Mwanza hayatafutwi mbali. Mawe ni ya lazima, maana breki ya mkono ya magari haya hukamata ngoma iliyo nyuma ya transfa, yaani propela shafti yenyewe. Kipimo hakifanyiki bila kuiachia, na ikiachiwa gari halina kingine cha kulishikilia. Kisha alama ya chaki inapigwa kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mmoja anazungusha gurudumu mara 20 na mwenzake anahesabu propela.

Jibu lake huwachanganya wengi. Difu ya 4.7 itatoa mizunguko 47 ya propela, wala si 94. Sababu ni kwamba gurudumu la pili limesimama, na difu isiyofungwa hugawa mwendo: upande mmoja ukizunguka mara mbili huku wa pili umetulia, krauni huzunguka mara moja tu. Difu ya 3.54 itatoa 35 na kidogo. Asiyelijua hili hugawa 47 kwa 20, anapata 2.35, halafu anatangaza kwamba gari lina difu ya ajabu. Mizunguko ishirini inafaa kuliko mmoja, kwa kuwa ulegevu wa meno na wa misalaba ya propela kwenye gari zee unaweza kumeza robo nzima ya mzunguko. Ikiwa magurudumu yote mawili yamenyanyuliwa, la pili litajizungukia litakavyo na hesabu itaharibika.

Spidomita nayo hutoa siri. Kwenye Series waya wake unatoka kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo haujui kama difu imebadilishwa. Simu ikionyesha kilomita 80 kwa saa huku mshale uko 60, na tairi ni za saizi ya kawaida, kuna kila sababu ya kushuku 3.54. Dereva mwenyewe asipolijua hilo ataingia Magu mjini mshale ukisoma 40 ilhali anakwenda 53, na trafiki hatasikiliza habari za krauni na pinioni.

Sasa hesabu ya nguvu. Gia ya nne haipunguzi kitu, transfa hupunguza kwa 1.148, difu kwa 4.7; kwa jumla injini huzunguka mara 5.4 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Tairi ya 7.50-16 hutembea kama mita 2.45 kwa mzunguko, hivyo kilomita 80 kwa saa zinadai karibu mizunguko 2,900 ya injini kwa dakika. Kwa difu ya 3.54 zinadai 2,200. Hicho ndicho kinachomvutia mwenye gari, na ni kweli. Lakini msukumo unaofika kwenye tairi hushuka kwa robo katika kila gia. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitajwa kuwa na nguvu ya farasi 77 kwenye IIA, ya dizeli 62, na hizo ni namba za usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya bahari, na injini isiyo na taboshaji huacha huko karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake hata kabla fundi hajashika spana. Range Rover iliyozaliwa na difu hiyo ilikuwa na V8 ya lita 3.5, tena ikitembelea tairi fupi zaidi. Ukiiweka juu ya 7.50-16 unaifanya iwe nzito kuliko ilivyokuwa kwao.

Watetezi hujibu kwamba injini ikizunguka taratibu mafuta hupungua. Kwenye tambarare, gari likiwa tupu na upepo ukiwa nyuma, nakubali. Likipakia magunia au likakutana na mwinuko, gia ya nne haitashika na dereva atarudi ya tatu. Gia ya tatu ya Series III ni 1.5, zidisha kwa 1.148 na 3.54, unapata 6.1. Maana yake ni kwamba kwa mwendo uleule injini sasa inazunguka kwa kasi kuliko ilivyokuwa kwenye gia ya nne na difu ya zamani, ambayo ilikuwa 5.4. Pengo kati ya 4.1, yaani gia ya nne kwa difu mpya, na 6.1 ndimo inamoangukia sehemu kubwa ya safari ya gari lenye mzigo, na difu mpya imeliacha wazi.

Nje ya lami hasara ni kubwa zaidi. Gia ya kwanza kwenye transfa nzito ilikuwa 40.7 kwa moja. Inakuwa kama 30.6. Usukumani mtu hushuka kutoka luseni, mchanga wa juu, hadi mbuga ya udongo mweusi bondeni ndani ya mwendo mfupi, na masika mbuga hiyo inataka gari litambae, lisikimbie. Wako wanaobadili difu ya nyuma peke yake, kwa kuwa ya nyuma inatoka kwa kuvuta hafu shafti mbili na kufungua nati, wakati ya mbele inalazimisha kushusha nako za usukani. Hapo gari limeharibiwa kabisa. Propela zote mbili huzunguka sawa, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mita 133 pale ya mbele yanapokwenda 100. Na kwenye Series transfa nzito haiingii bila fowili kuingia pamoja nayo. Mwenye gari amepoteza vyote viwili kwa siku moja. Nyingi za Series III zenye chasisi ndefu zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo difu yake haichomolewi nzima; kubadili krauni humo kunadai kutanua nyumba ya difu na kupanga shimu upya, na krauni na pinioni lazima ziwe jozi iliyosagana pamoja.

Anayetaka utulivu bila kutoa nguvu angetafuta ovadraivu ya Fairey inayofungwa nyuma ya transfa. Inapunguza mizunguko kwa karibu asilimia 22, karibu sawa na 3.54, lakini mlimani inazimwa na 4.7 inarudi. Pingamizi ni kwamba kuipata nzima ni kazi, na ikikosa oili hufa mapema. Pingamizi hilo ni la haki, ila ni la upatikanaji.

Mahali ambapo difu ya Range Rover inastahili ni kwenye gari lililobadilishwa injini. Tdi ya lita 2.5 iliyokuja na Discovery ya 1989 ina torki ya kama Nm 264, dhidi ya 168 za petroli ya zamani. Punguza robo kwa ajili ya 3.54, unabaki na 199, bado zaidi ya gari lilivyotoka kiwandani, na taboshaji hufidia sehemu kubwa ya wembamba wa hewa. Injini hiyo haipendi mizunguko mingi, kwa hiyo 4.7 ingeichosha bure. Hapo zibadilishwe mbili, mbele na nyuma, na kabla ya kulipia spea zihesabiwe mikunjo ya ndani inayopokea hafu shafti: Series ni 10, na difu za miaka ya baadaye zina 24. Flenji ya propela nayo ipimwe matundu yake palepale dukani.